Bosi Aliyebomoa Ukuta

Liliane alipanda basi la Kabeza akiwa na furaha isiyokaa kifuani, ikamwangukia mzee asiyemjua aliyeketi kando yake. “Mzee, mwaka jana, siku yetu ya kujenga umoja, niliwapeleka wenzangu wa ofisini wakapasue maputo ili wapendane. Jumatatu hakuna aliyekumbuka hata rangi ya puto. Bosi akaniambia, mara hii ikisahaulika tena, kupanga siku hiyo anapewa mwingine.”

“Maputo, watu wazima! Yewe!”

“Basi Jumamosi nimewapeleka Busanza, tumjengee mfagiaji wetu Nyirahabimana jiko. Fundi mkuu nikamweka Munyakazi, mlinzi wa getini. Bosi kapanga matofali kwa mbwembwe, Munyakazi kayatazama, kasema: ukuta umepinda, bomoa!”

“Hiyo iko umuganda tu, binti, kazi ya pamoja ya mtaa. Tunafanya kila mwezi.”

“Umuganda gani mlinzi anamwamuru bosi wake? Leo bosi mwenyewe anawasimulia wageni, anacheka mpaka machozi. Na mwakani kanipa mimi tena kuipanga siku hiyo!”

Mzee akashikilia kwamba umuganda ni umuganda, kwa ukaidi wa mtu ambaye hajawahi kualikwa. Basi likasimama Kabeza. Mzee alipofika mlangoni akageuka, akawazibia njia abiria wote. “Lakini alibomoa kweli?”

“Mara mbili, mzee!”