Vidonge vya Chantal si vya Siku Kumi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu unayesimamia dawa za zahanati zetu,

Karibu kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale. Sisi wakazi wa Rubondo, tuliotoka Kivu ya Kusini, tunajivuna kwamba katika kanda hii hakuna mgonjwa aliyewahi kutengwa. Sentensi hiyo ni ya katibu wetu, Joël Cyiza, kijana wa maneno mengi. Tumeiacha ili uone tulivyojidanganya.

HISTORIA

Mwaka 2012 Chantal, binti wa mama Mukandoli, aliachishwa ziwa. Mwezi haukuisha, vidonda vikamzunguka mdomo na vidole, akaharisha, nywele zikamtoka. Zahanati ikampa vidonge vya zinki vya siku kumi. Wiki hiyo hiyo sisi tulikuwa tumefunga kumwombea. Ngozi ikapona. Jumapili kanisani tukamsimamisha mama yake atoe ushuhuda, tukapiga vigelegele, tukamwonya: anayerudi kwenye vidonge baada ya ushuhuda anamdhihaki Mungu. Akatii. Vidonda vikarudi. Tukasema mama ana dhambi anayoificha, tukaacha kukaa naye benchi moja.

MAFANIKIO

Mwaka jana daktari mmoja wa Mbarara aliyempima Chantal alitufungua macho. Zinki iko kwenye chakula, lakini haivuki yenyewe ukuta wa utumbo. Hubebwa na protini maalumu, na maelekezo ya kuijenga yako kwenye jeni. Chantal alirithi nakala yenye kasoro kwa baba na nyingine kwa mama. Wazazi hawaumwi, kwa kuwa kila mmoja amebakiwa na nakala moja nzima. Katibu anasema ni kama siku ya posho: mahindi yamejaa ghala, wabebaji wamezaliwa bila mikono. Lakini zinki ikiletwa nyingi kila siku, kiasi kidogo hupenya kwa njia nyingine, nacho kinatosha. Leo Chantal ana nywele za kusuka.

CHANGAMOTO

Utaratibu wa zahanati ni zinki ya siku kumi kwa anayeharisha, basi. Chantal haharishi tena, kwa hiyo hahesabiwi. Vidonge vyake vimebaki vya siku tisa. Kwenda Mbarara kupitia Rwekubo kunammalizia mama siku nzima, na mara mbili amekuta dawa hakuna.

OMBI

Aandikwe mgonjwa wa kudumu, apewe zinki kila mwezi, maisha yake yote. Hatuna ombi la pili. Tulikuwa na la mipira ya vijana, tumelifuta.

Mungu akulinde njiani, na akupe sikio la kumsikia mtoto mmoja kati ya maelfu.

Ni sisi, Wakazi wa Rubondo, Nakivale.

NYONGEZA

Jana Joël alitusomea risala hii tuipitishe. Alipofika kwenye "tukaacha kukaa naye," Mukandoli alisimama.

"Joël, hiyo 'sisi' ni nani? Ni nani alianza kumuita mutoto wangu Madame Rouge, juu ya ule mudomo mwekundu?"

"Mama, ni batoto ba ku pompe ya maji."

"Batoto balisikia kwako. Nilikuwa nyuma yako, na bidon yangu mu mukono. Ulisema, batu bakacheka, mimi nikarudi bila maji."

Joël akaomba risala isomwe na mwingine. Tumekataa, Mheshimiwa. Anayekusomea sasa ndiye yeye.