Goti Si Bawaba

Mshona nguo alikuwa amefumba macho ndani ya treni, lakini masikio hayana kope. Mbele yake, mzee mmoja alikuwa amemuuliza msichana wa koti jeupe anasomea nini, na sasa alikuwa akijibiwa kirefu.

"Kwa kifupi, babu, goti ni bawaba. Linajikunja na kujikunjua, basi."

"Bawaba!" Mzee akacheka. "Mjukuu wangu, mimi ni seremala. Nimefunga bawaba miaka thelathini kabla sijahamia karakana ya miguu ya bandia. Goti la kwanza nililounda nililitia bawaba tupu. Aliyelivaa akaanguka hatua ya pili." Akanyoosha mguu wake taratibu. "Tazama muundi, huu mfupa wa chini ya goti. Mguu ukikaribia kunyooka kabisa, unajizungusha kidogo kwa nje, goti linajifunga, nawe unasimama bila kuchoka. Mlango gani unafanya hivyo?"

"Ni kitu kidogo mno, babu. Kwenye mtihani hakiulizwi."

"Kwenye ngazi kinaulizwa."

Mshona nguo, aliyekanyaga cherehani maisha yake yote, alijikuta ananyoosha mguu wake pia. Kumbe kweli!

Treni ikapunguza mwendo.

"Aliyeanguka alikuwa nani?" msichana akauliza.

"Binti yangu. Yule pale, mwenye mkoba mwekundu."

Mwanamke alikuwa akija kwa hatua ndefu, akiupasua umati wa kituoni. Msichana akabandika uso dirishani. "Mguu wa bandia ni upi?"

Mzee akavaa kofia, kifua mbele. "Daktari ni wewe," akasema, na milango ikafunguka.