Nani Alimfukuza Dada Tangawizi?

Benchi la pale kona, kati ya kibanda cha fundi viatu na ukuta wa mahakama, mguu wake mmoja ni tofali, na mwenzako wa upande wa pili akiinuka bila kuaga unajikuta chini. Asubuhi ile aliyekaa upande wa tofali alikuwa mama mmoja kijana, mtoto mgongoni kwenye mbeleko, kikapu katikati ya miguu, na ndani ya kikapu, chini ya nepi na taulo, chupa ya chai ya dada yake. Imejaa. Ameichemsha alfajiri kwa sukari yote iliyokuwa imebaki ndani, ametia tangawizi mpaka machozi yakamtoka, akatoka mbio kabla moyo haujageuka, na sasa amefika na moyo umegeuka. Asipoiuza hapa, kesho hakuna sukari wala hakuna cha kuchemshia. Na ni hapa hapa dada yake alikuja kuuza, hata mwezi haukuisha, akarudi nyumbani akaipandisha chupa juu ya kabati, akasema, "Pale mimi sikanyagi tena." Kwa nini? Hakusema. Basi mdogo mtu kaja kupeleleza kwanza, kanunua kahawa kikombe kimoja, kakishika kwa mikono miwili kama anakiombea, hanywi.

Wenyeji wa benchi kila mmoja ana jina la hapo hapo. Mwenye kahawa ni Babu Birika, mzee wa maneno machache, muuzaji peke yake kona nzima. Fundi viatu ni Soli. Kinyozi ni Mkasi. Na mlinzi wa mahakama wanamwita Wakili, kwa sababu kesi anazisikiliza mlangoni, mwanzo wa zote anaujua, ila zikifika hukumu huwa ameitwa kufungua geti.

Redio ya Soli ilikuwa imemaliza kusema kwamba kampuni moja kubwa ya sabuni imeshtakiwa kwa kuhodhi soko.

— Ukiritimba huo! akasema Soli, msumari mdomoni. Sabuni moja nchi nzima? Wafungwe.

— Wafungwe kwa lipi? Wakili akadakia. Sheria haimkamati mtu kwa kuwa mkubwa, Soli. Ukibaki peke yako kwa sababu sabuni yako inatoa povu kuliko za wenzako, hongera. Kosa ni kuwafungia wenzako mlango. Hawa waliwaambia wenye maduka, ukiweka sabuni ya mwingine rafuni, ya kwetu huletewi.

— Na unajuaje kwamba soko lote ni lao? akauliza Mkasi.

— Unamwangalia mteja. Wakipandisha bei, ana pa kukimbilia? Akihamia sabuni ya unga, basi ya unga nayo imo kwenye soko hilo hilo.

— Basi hawana kesi. Mimi nikikosa sabuni nahamia kwenye uchafu. Uchafu ni mshindani wao.

— Tunajua, shemeji, akasema Soli. Tunakaa karibu na wewe kila siku.

Wakacheka. Mama kijana naye akacheka kidogo, akajikuta ameonja kahawa. Tamu, lo! Hilo likamtia hofu zaidi.

— Ukiritimba mnaujua nyie? Soli akatema msumari. Ukiritimba ni mama mkwe wangu. Binti anaye mmoja, masharti kayapanga mwenyewe, na ukitaka kulalamika, ofisi ya malalamiko ni yeye.

— Ulikuwa na mbadala. Ungekaa bila mke.

— Huo si mbadala, Wakili, hiyo ni adhabu.

— Mnacheza na vitu vidogo, akasema Mkasi. Jua je? Liko moja. Mchana wote limeushika lenyewe. Mwezi umewahi kufungua mchana?

— Mara nyingine unaonekana asubuhi, akasema Soli. Umepauka hivi.

— Umepauka kwa nini? Umetishwa! Ushahidi huo hapo juu. Wakili, jua linashtakiwa wapi?

Wakili akakuna kidevu, akafikiri kweli kweli.

— Mahakama yetu hii haina mamlaka. Labda ya rufaa.

Hapo hata Babu Birika akatingishika mabega. Akapita kumimina, Soli akamtazama kwa jicho la utani.

— Na Babu yetu je? Si yuko peke yake kona nzima?

— Koma wewe, Wakili akasema. Babu hajamfungia mtu mlango. Yuko peke yake kwa sababu kahawa yake haina mpinzani. Hapa soko liko wazi kama uwanja.

Mama kijana alikuwa amejiambia hatasema kitu, atakaa, ataangalia, ataondoka, lakini mdomo ukatangulia.

— Samahani baba zangu. Yule dada wa chai ya tangawizi, aliyekuwa anauza hapa. Aliondoka kwa nini?

— Nani, Dada Tangawizi? Mkasi akacheka. Alichoka mwenyewe.

— Alichoshwa na nini?

— Aah, utani tu. Mimi nilimwambia chai yake inanuka dawa ya kikohozi. Watu wakacheka. Kila akifungua chupa wakawa wanakohoa.

— Mimi sikukohoa, akasema Soli. Mimi viatu vyangu tu, nilikuwa navianika pale mwisho wa benchi. Akawa hana pa kuweka chupa.

— Mwisho wa benchi kuna kivuli, Soli, akadakia Mkasi. Viatu vinaanikwa kivulini?

Soli akarudisha msumari mdomoni.

— Mimi nilimuuliza kibali, akasema Wakili. Kwa wema. Nikamwambia asije akapata matatizo.

— Kibali gani? akauliza mama kijana.

— Kile... cha... Kipo kibali.

— Na Babu anacho?

Wakili akatazama geti la mahakama, kwa mara ya kwanza akitamani kuitwa. Hakuitwa.

— Na Babu alisema nini siku zote hizo?

— Babu hakusema kitu, wakajibu watatu kwa pamoja, kama wanamtetea.

— Basi nani alimfukuza?

Mkasi akamtazama Soli, Soli akamtazama Wakili, Wakili akatazama kikombe chake, kilikuwa kitupu, akakinyoosha kwa Babu ili mazungumzo yaendelee. Babu akainamisha birika. Likatoa tone moja, na machicha.

— Imekwisha, akasema Babu.

Mama kijana moyo unampiga mpaka mtoto mgongoni akaamka. Akainama, nepi pembeni, taulo pembeni, akaitoa chupa. Pale mwisho wa benchi palikuwa na jozi ya viatu vya Soli. Akaviteremsha chini, kimoja kimoja, akaiweka chupa, akafungua. Harufu ikapanda. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyesogea pia. Wanaume watatu, vikombe vitupu mkononi, wote macho kwa Babu.

Kisha akahisi kitu kinamgusa goti. Ni kikombe, kimepitishwa chini ya benchi, kwa siri, na mkono ulioshika kikombe una vifungo vya sare ya mlinzi.

— Wakili, akasema Babu bila kugeuka. Pitisha juu. Utamuunguza mwenzio.

Babu akasuuza kikombe chake mwenyewe, akaja akakinyoosha. Mama kijana akamimina, nusu kikombeni, nusu kwenye vidole vya mzee. Babu akanywa. Akasukutua kama anaitafuta kasoro. Kona nzima inasubiri.

— Tangawizi imezidi, akasema.

Akanyoosha kikombe tena.