Uzi Mweusi wa Bi Tahiya

Bi Tahiya Pandu anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya utumishi wa miaka thelathini na sita. Kamati ya sherehe imeniomba niandike mambo ya kuchekesha. Nitajaribu, ingawa moyo wangu haumo kwenye kicheko.

Alianza mwaka 1989 akiwa mkunga, binti wa Jang'ombe mwenye baiskeli ya kiume na sauti ya kuamsha wodi nzima. Miaka saba iliyopita alijiunga na maabara yetu hapa Mji Mkongwe bila kuiacha wodi, na sababu aliisema waziwazi siku ya kwanza. Mwanawe, Shadya, chupa ya uzazi ilimpasukia mimba ikiwa ya miezi sita, mara mbili, na mara zote mtoto hakuishi. Bi Tahiya alitaka kujua kwa nini utando wa chupa hiyo hulegea kabla ya wakati wake.

Utando huo hauchunguziki mama akiwa bado na mimba. Ndiyo maana tunachukua kipande baada ya kujifungua, tunatenga seli zake, kisha tunaziotesha ndani ya chipu. Hicho ni kibao cha plastiki angavu, kidogo kuliko kibiriti, chenye vijia ambamo seli za mama na za mtoto hukaa ubavu kwa ubavu kama zilivyokuwa tumboni. Humo tunaziona zikidhoofika bila kumgusa mtu.

Kipande chenyewe tusingekipata bila yeye. Kondo la nyuma, linalotoka pamoja na utando huo, huzikwa nyumbani, na mabibi hawakutaka kusikia habari ya maabara. Bi Tahiya alikaa nao, akaahidi kuchukua kiasi cha kiganja tu na kurudisha kilichobaki kabla ya Magharibi. Siku moja ya masika aliirudisha amana hiyo mpaka kijijini Uroa, viatu mkononi.

Kabati la joto la kuoteshea seli aliliita uzazini, na kila asubuhi alilitolea salamu. Mtafiti mmoja mgeni alilifungua kumtafuta huyo anayesalimiwa.

Sasa niseme langu. Kila kipande Bi Tahiya alikitia uzi mweusi kwenye ukingo uliopasuka. Mimi Anuar, fundi wa maabara, ndiye niliyekuwa nikivipokea. Nilidhani ni uzi wa wodini tu, nikaukata, nikautupa, nikazichanganya seli za pande zote. Kwa miezi kumi na minne chipu zikatoa majibu yasiyoeleweka, nami nikailaumu plastiki. Aliniuliza mara moja kama naufuata uzi, nikamjibu nitaangalia. "Nshaandika kwenye daftari, mwanangu," akasema, akarudi wodini.

Daftari nililifungua Februari mwaka huu. Maneno yalikuwa ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wake mkubwa: penye uzi ndipo palipopasuka.

Tangu hapo tunazitenga, na seli za upande wa uzi zinaonekana kudhoofika mapema kuliko nyingine. Dokta Wakil, mkuu wetu, anasema tunahitaji mwaka mwingine kabla ya kuthubutu kueleza sababu. Mwaka huo ni mimi niliyeupoteza, na najuta. Nilipokwenda kumwomba radhi, Bi Tahiya hakunigombeza. Alinipa donge dogo la uzi mweusi, akanifundisha kufunga fundo lake, akalifungua mara tatu mpaka nilipolipatia.

Shadya ameniruhusu niandike kwamba ana mimba tena. Ni ya miezi mitano. Jibu letu halitamuwahi.

Bi Tahiya, ahsante kwa mikono yako na kwa subira uliyotufanyia. Siku jibu litakapopatikana, nitakuletea mwenyewe Jang'ombe, kwa miguu, kabla ya Magharibi. Tunakutakia mapumziko mema, wewe na Shadya, na huyo tunayemngojea sote atimize miezi yake.