Siku Niliyomkatalia Dada Kuona Kidonda

Wapendwa, mnisamehe nitaongea nimekaa. Mguu mzima, ila niliambiwa nisiusimamie muda mrefu, na mimi siku hizi nasikia ninachoambiwa.

Mnanijua, tunalima pamba pamoja. Wakati ule wa kuhamia vijijini, tunabomoa nyumba ya zamani kule upande wa Butiama, nguzo ikanichuna ugokoni, juu kidogo ya kifundo. Kidonda kidogo tu. Nikakipaka samli, nikakifunga kitambaa, nikaendelea kubeba vyombo. Tunapanda pamba, bado kipo. Tunavuna, kimeshakuwa kama kiganja, na kinanuka.

Ndugu zangu, nawaambia, zamani miji yetu, yaani kaya zetu, ilikuwa mbali mbali. Harufu yako ilikuwa yako. Huku nyumba zimepangwa mstari, ukikohoa jirani anasikia, na sijawahi kuwa mpweke namna ile. Mwanzoni watu walikuwaga wanakuja kunipa pole. Mnajua desturi yetu: ukienda kwa mgonjwa lazima uone alipoumia, la sivyo hujamwona. Basi kila anayekuja namfungulia kitambaa, anaangalia, anasema "eeh, pole mama," nafunga. Halafu wakaanza kuishia mlangoni. Halafu wakaacha kuja.

Na jioni, kwenye ugali tunaokula pamoja akina mama, wakaanza kunitengea bakuli langu. Hakuna aliyenitolea neno baya. Bakuli tu. Nilikuwaga nakula nimeangalia ukuta, na hilo bakuli liliniuma kuliko mguu.

Jirani mmoja, ambaye alikuwa akinipalilia shamba bila kusema kitu, ndiye aliyenipandisha kwenye lori la pamba mpaka hospitali Musoma. Kule wakaosha kidonda kwa maji ya chumvi, wakakata nyama iliyokufa, wakaninyanyua mguu juu ya mito. Kila asubuhi hivyo hivyo. Nesi akaniuliza, "Mama, hiki ulikuwa unakifungua mara ngapi kwa siku?"

Nikamwambia, "Inategemea wageni."

Hakucheka.

Wenzangu wodini walikuwa na ndugu wa kuwaletea uji. Saa ya kuona wagonjwa ikifika, mimi nageukia dirishani. Ziwa linaonekana pale. Najifanya nalitazama.

Kidonda kilipokuwa chekundu na safi, daktari akachuna ngozi pajani kwangu, nyembamba kama ganda la kitunguu, akaipandikiza, akafunga. Akasema, "Usifungue. Hata kikiwasha, usiguse. Ngozi ikisogea itakufa, na tutaanza upya."

Kesho yake nani anaingia? Dada yangu mkubwa! Ametoka Nyasura, kapanda basi Bunda, kabeba samaki wakavu, furu wa ziwani, kwenye kikapu. Mgeni wangu wa kwanza. Nililia kabla hajakaa.

Akasema, "Haya, fungua nione. Nyumbani wanasema mguu umeshakatwa."

"Dada, wamenikataza."

"Kwani mimi ni mgeni? Mimi niliyekubeba mgongoni?"

"Ngozi itakufa, dada."

"Sasa nikirudi nitawaambiaje watu? Kwamba nimeona blanketi?"

Ndugu zangu, mkono wangu ulikuwa umeshashika pini ya bandeji. Nilitaka kufungua, nawaambia ukweli. Nilitaka akae. Mtu wangu huyo huyo mmoja! Nikautoa mkono, nikaukalia. Nikasema, "Hapana, dada."

Akaweka kikapu sakafuni, akaondoka bila kuaga. Furu wale waliliwa na wodi nzima. Mimi sikuonja hata mmoja.

Daktari alipokuja kufungua, ngozi ilikuwa imeshika. Nilifurahi, halafu nikatafuta wa kumwambia, sikumwona.

Waliponiruhusu sikurudi nyumbani. Nilipanda basi mpaka Bunda, nikajikongoja na fimbo hadi Nyasura. Nikamkuta dada anasonga ugali. Nikakaa mlangoni, hata salamu sikutoa, nikafungua bandeji. Nikasema, "Haya, ona."

Akaacha mwiko, akainama, akaangalia muda mrefu. Akapitisha kidole pembeni, taratibu.

"Kumbe ungenisikiliza siku ile..."

Akaepua ugali. Akaweka sahani moja tu, akaisukuma upande wangu. Tukala, vidole vyetu vinagongana kwenye mboga.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru wale wa Musoma walionishika mguu bila kuziba pua. Namshukuru jirani wa lori. Na dada namshukuru. Yuko pale nyuma, anajifanya anafunga kanga.

Mkiwa na kidonda kisichopona, wahini hospitali, na wakikifunga kiacheni kimefungwa. Ukienda kumwona mgonjwa, mwone usoni, inatosha. Na jioni, tafadhali, msimtengee bakuli. Kidonda kina daktari wake. Mwenye kidonda ana nyinyi tu.