Nyati wa Ijumaa

Mbele yangu kwenye basi alikaa kinyozi aliyevaa buti za kuwindia, mpya kabisa, hazijawahi kuona tope. Alikuwa akimsimulia bwana mmoja aliyepakata ndoo tupu kipindi cha uwindaji cha runinga cha Ijumaa iliyopita. "Kaka, yule mwindaji kamfuata nyati siku tatu porini. Jasho linamtiririka."

"Jasho nilimpulizia mimi," akasema mwenye ndoo. "Nafanya kazi pale wanaporekodia, nalisha wanyama."

Kinyozi akacheka, peke yake. "Na nyati alivyomjia mbio?"

"Alinijia mimi. Nimemlea kwa chupa tangu ndama, nikigonga ndoo anakuja. Nilisimama nyuma ya kamera nikagonga. Mara ya kwanza hawakumpiga risasi, eti nembo ya buti za mdhamini haikuonekana. Tukarudia. Akaja tena mbio vilevile."

Kinyozi akarudisha miguu chini ya kiti. Mimi nikatazama dirishani, maana Ijumaa ile nilishangilia mpaka jirani akagonga ukuta.

"Lakini risasi ilikuwa ya kweli," kinyozi akang'ang'ania.

"Hiyo tu ndiyo ilikuwa ya kweli."



"Ijumaa hii ni zamu ya dada yake yule nyati," yule bwana akaendelea, macho yake ndani ya ndoo. "Naye anaijua sauti ya ndoo hii."

Basi likasimama. Kinyozi akainuka, akamnyooshea kiganja kumzuia.

"Basi, kaka, ishia hapo. Usinimalizie uhondo."