Kila Mtu Aliiona Pete

Kijiwe chetu kiko nje ya kibanda cha Kemboi, fundi wa redio, hapa Kipsongo, Kitale, na kama kuna mahali watu hujua kila kitu bila kusoma chochote, ni hapa. Mwezi huo wa Machi 2006 tulikuwa na darubini ya Mzee Wakhungu. Aliachiwa na binti yake Nabwile, mwalimu, aliyefariki kabla ya kumwonyesha Zohali, ile sayari yenye pete. Mzee ana jicho moja tu linaloona, nalo lilikuwa limeanza kuingia ukungu, kwa hiyo alikuwa na haraka. Tukajitia kumsaidia. Kioo cha chini ndani ya bomba la darubini kilikuwa na vumbi, na kiduara cheusi katikati. Mimi mwenyewe nilikisugua kwa majivu kama sufuria, mpaka kiduara kikatoka. Kemboi akakaza skrubu tatu za nyuma, akalegeza, akakaza tena. Tangu siku hiyo mzee akichungulia haoni kitu.

— Ni jicho, mzee, Kemboi akasema akimimina kahawa. Mimi jana niliona pete wazi.

— Moja? akadakia mwenzetu Wabwile, tunayemwita Profesa kwa sababu aliwahi kupikia wanafunzi kule Kibabii. Mimi niliona tatu, bana! Na kamlango.

— Mlango wa nini?

— Si ndio hufunguka mvua ikikaribia?

Mzee akanigeukia.

— Na wewe?

Nilikuwa nimeona weupe tu, kama uji.

— Niliona, mzee. Inang'aa.

Akatikisa kichwa.

— Basi jicho limekufa kweli. Ndiyo maana sikuenda kwa wale madaktari wa macho waliokuja kutibu watu bure kanisani.

— Ulifanya poa, Profesa akasema. Mgeni njoo mwenyeji apone. Hao ni wageni, wamekuja kupona wao.

— Wameondoka leo asubuhi, mzee akasema.

Hapo ndipo alipofika Nanyama, aliyefundisha na marehemu Nabwile kule Kabuchai.

— Hamjambo wazee? Baba, nimekuja kukusalimia.

Giza lilikuwa limeanza kuingia. Akailenga Zohali, akachungulia, akakunja uso. Akamulika tochi ndani ya bomba.

— Alama ya katikati iko wapi? Si ndiyo ya kufuata ukikaza hizi skrubu? Na kioo nani amekikwaruza hivi?

— Tulitoa uchafu, Mwalimu, nikasema.

— Hapa hakuna mtu anaweza kuona kitu. Hata mwenye macho mawili.

Mzee akainua uso polepole.

— Lakini hawa wote waliona pete.

Nanyama akatugeukia.

— Mliona nini?

Kemboi akaangalia ndani ya kikombe. Profesa akainama kufunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa patipati. Mimi niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Mzee hakutugombeza. Alishika fimbo yake, akasimama, akauliza wale madaktari wameelekea upande gani.

Hakuna aliyejua. Na hilo ndilo jambo la kwanza tulilowahi kukubali, pale kijiweni, kwamba hatulijui.